Beitikasta kwa mtoto wa Hombolo aliyeko Marekani

Mbukwenyi, wana Dodoma mlioko ughaibuni. Wengi wetu tulijifunza kuvua bila rili yoyote, yaani kile kifaa cha kwenye fimbo cha kukusanyia mshipi: nailoni imezungushwa kwenye kopo, ndoano moja, chubwi, basi. Perege akidonoa unamsikia kidoleni. Sasa uko Texas au Georgia, mwenzako wa kazini anakualika mkavue besi, na dukani unakuta rili zimejaa ukuta mzima. Hapa nazungumzia moja tu, ile inayowakimbiza wanaoanza: beitikasta.

Besi ni samaki wa maji baridi, mdomo mpana, mwindaji anayevizia kwenye majani, magogo na vivuli vya gati. Kwao ni Amerika Kaskazini, ingawa Wakenya wa Naivasha wanamjua tangu alipopelekwa ziwani kwao miaka ya 1920. Kwa sababu anapenda kujificha, kumvua ni kazi ya shabaha kuliko ya kurusha mbali, na hapo ndipo rili hii inapopata heshima yake.

Rili ya kawaida, ile ya spining, bobini yake, pale mshipi unapozungushiwa, hutulia wakati wa kurusha na mshipi huchomoka wenyewe. Ya beitikasta inazunguka: chambo kinavuta mshipi, mshipi unazungusha bobini. Unaweza kukiwekea chambo breki kwa dole gumba kikiwa bado hewani, kikatua pale pale ulipotaka, na inabeba mshipi mnene wa kumng'oa samaki kwenye majani. Shida ni kwamba chambo kikipunguza mwendo angani, bobini haina habari. Inaendelea kumwaga mshipi usio na pa kwenda, na ndani ya nusu sekunde una rundo lililotatana kama nywele za mtoto aliyekataa kitana. Karibu kila ushauri utakaoupata kuhusu beitikasta ni njia ya kuzuia hilo.

Kama unakwenda kuvua mara chache kwa mwaka, tena na watoto, nunua spining ujipumzishe. Na kama unapenda vyambo vyepesi, vya chini ya gramu 7 hivi, spining itakufaa zaidi hata ukiwa fundi.

Ukishaamua kununua, angalia kwanza mkono wa rili, ule wa kuzungushia, uko upande gani. Kwenye spining unauhamisha. Kwenye beitikasta hauhami, rili inatoka kiwandani ikiwa ya kulia au ya kushoto. Anayerusha kwa mkono wa kulia namshauri achukue ya kushoto, ili asihamishe fimbo mkono kila anaporusha. Wazee wengi wa Kimarekani wamezoea ya kulia na watakubishia, waache.

Uwiano wa gia, yaani bobini inazunguka mara ngapi ukizungusha mkono wa rili mara moja, wa 6.3:1 hadi 7.1:1 unafanya karibu kila kazi. Wa 5 na kitu ni wa vyambo vizito vinavyozama sana, wa 8 ni wa kukusanya mshipi haraka. Bei, dola 60 hadi 120 zinatosha kwa kuanzia. Za dola 400 zipo, lakini hiyo ni hela ya mabati.

Fimbo iwe ya beitikasta yenyewe: pete zinatazama juu, na chini ya kishikio kuna kidude kama kifyatulio cha bunduki. Futi 7, nguvu kati ya wastani na nzito. Mshipi uwe nailoni inayohimili pauni 12 au 14. Wa kusuka ni imara, ila hujichimbia kwenye bobini ukivutwa kwa nguvu, na usipotanguliza nailoni chini yake unateleza wote. Usijaze bobini hadi ukingoni. Bakiza kama milimita 3.

Sasa kuitega rili. Funga kizito cha gramu 14 kisicho na ndoano. Upande wa mkono wa kuzungushia kuna skrubu ndogo ya kukaza bobini. Nyoosha fimbo mbele yako, bonyeza kitufe cha kuachia, kisha kaza au legeza skrubu hiyo mpaka kizito kishuke taratibu na bobini isimame yenyewe kikigusa chini. Upande wa pili kuna breki, za sumaku au za vipini vinavyotanuka bobini ikikimbia. Kama zina namba 0 hadi 10, anza na 8. Ukibadilisha chambo, rudia jambo la skrubu. Uzito mwingine, mpango mwingine.

Nenda uwanjani kwenye nyasi, wala si ziwani. Geuza mkono ulioshika fimbo ili kiganja kitazame chini, kiwiko kikae karibu na mbavu, uache uzito uipinde fimbo kabla ya kuachia. Anayetumia mabavu ndiye anayetatanisha mshipi. Dole gumba liiguse bobini kwa mbali muda wote, na liibane kabisa sekunde kizito kinapofika chini. Kule kusikiliza nailoni kwa kidole ulikojifunza utotoni kutakusaidia hapa kuliko namba zozote za breki. Mita 15 zinatosha mwanzoni. Upepo wa Julai wa Dodoma unaujua: ukivuma wa namna hiyo, upe mgongo, kwa sababu upepo wa usoni hukikwamisha chambo na bobini haikwami. Shabaha ikitulia, punguza breki namba moja moja.

Ukitatana, usivute kwa hasira. Bana bobini kwa dole gumba, zungusha mkono wa rili mara mbili tatu, achia, kisha vuta mshipi polepole. Mara nyingi unafunguka. Ukigoma, mkasi.

Leseni ni ya lazima, na kila jimbo lina yake pamoja na sheria zake. Texas, kwa mfano, aliyetimiza miaka 17 anahitaji leseni, na besi wa mdomo mpana kwa kawaida ni 5 kwa siku, asiyepungua inchi 14, isipokuwa maziwa yenye masharti yake. Mwenye viza asicheze na faini kwa ajili ya samaki.

Ukija nayo likizo, itakufaa kwenye bwawa la Mtera kwa kambale, kwa chubwi nzito na nailoni nene. Kwa perege na ndoano zao ndogo itakusumbua tu. Vumbi letu linaua beringi, kwa hiyo ifunge kwenye mfuko wa kitambaa, na ndoano ziweke kwenye sanduku la kukabidhi uwanja wa ndege, zimefunikwa ncha. Mjomba anayevua kwa mkono mletee ndoano imara na nailoni nzuri. Rili ataipokea kwa shukrani, kisha ataitundika ukutani.