Kupima mafuriko ya mtaa Mtwara kwa simu, rula na kihisi kimoja

Mtwara mjini ilichorwa kwa barabara pana mwishoni mwa miaka ya 1940 na miaka ya 1950, enzi za mradi wa karanga wa Waingereza na ujenzi wa bandari. Mitaa iliyoongezeka baadaye haikupata bahati hiyo. Nyumba zilitangulia, mtaro ukafuata, na pengine haukufuata kabisa. Mvua ya kusini nayo ina msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, kwa hiyo ukikosea maandalizi unasubiri mwaka mzima.

Mwongozo huu ni wa kundi la watu 6 hadi 10: wakazi wa mtaa, wanafunzi wa chuo, fundi mmoja wa elektroniki na mtu mmoja wa halmashauri. Lengo ni kujua mtaro upi unajaa, unajaa kwa mvua kiasi gani, na kwa sababu gani, ili ombi la matengenezo liende na namba.

Anza na swali la mwenye mtaro

Mitaro ya barabara nyingi za mitaa iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na usafi wake unahusu mtaa na halmashauri. Kabla ya kununua hata waya, kaa na mhandisi wa huko umuulize ni uamuzi gani unamshinda kwa kukosa taarifa. Mara nyingi jibu ni jepesi: karavati hili lizibuliwe tu, au livunjwe lijengwe kubwa? Utafiti wote ufanyeni kwa ajili ya swali hilo. Miradi mingi ya teknolojia hufa kwa sababu ilijibu swali la aliyeleta vifaa.

Barua ya utambulisho hutoka chuoni kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Mtwara-Mikindani, mtendaji wa kata na mtendaji wa mtaa. Usiruke ngazi. Mtafiti kutoka nje ya nchi anahitaji pia kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Ukitaka kurusha droni, kuna kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na idhini ya upande wa ulinzi, na uwanja wa ndege uko karibu na mji. Kwa mtaa mmoja droni haina ulazima, iacheni. Mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa mashina waelezwe kwenye mkutano wa wazi kwamba hakuna fidia wala msaada unaogawiwa. Lisiposemwa hilo mapema, kila maji yaliyofika kifundoni yatasimuliwa kuwa yalifika kiunoni.

Kalenda nayo ina mambo yake. Juni hadi Septemba ni ramani na vipimo vya mitaro. Oktoba na kuendelea ni korosho, na nusu ya timu yako itakuwa shambani au mnadani, usiwalaumu. Kihisi, yaani kifaa kitakachopima kimo cha maji chenyewe, kifungwe kabla Novemba haijaisha.

Fomu na ramani

KoboToolbox au ODK, programu za kujaza fomu kwa simu, zinatosha, na zote hufanya kazi bila mtandao mpaka utakaporudi kwenye bando. Fomu isizidi maswali 12. Kwa kila kituo cha mtaro andika: upana wa juu, upana wa chini, kina hadi sakafu ya asili, kina cha mchanga, aina ya kuta (zege, mawe, udongo), kilichoziba, mwelekeo wa maji, na picha mbili, moja ikitazama maji yanakotoka na nyingine yanakokwenda. Majibu yawe ya kuchagua. Ukiacha watu waandike, utapata "takataka", "taka taka", "uchafu" na "mifuko", na jioni nzima itaisha ukivisawazisha.

Pima kila mita 25, na kila penye kona, karavati au mtaro mwingine unapoingia. Kilomita 1 ina vituo kama 40, na watu wawili hukimaliza kimoja kwa dakika 4 au 5. GPS ya simu penye uwazi hukosea mita 4 hadi 5. Chini ya mwembe au ukikumbatana na ukuta hukosea zaidi. Weka kwenye fomu sharti la kutopokea pointi yenye kosa la zaidi ya mita 6, na mpimaji asimame nusu dakika bila kutembea. Namba ya nyumba iliyo kwenye kibao cha anwani za makazi iandikwe pia, maana ndiyo itakayokuokoa pointi ikihama upande wa pili wa barabara.

Urefu wa ardhi usiuchukue kwenye simu hata siku moja. Simu hukosea mita kadhaa kwenda juu au chini, na mtaro wako wote huenda una mteremko wa sentimita 40.

Mteremko upimwe kwa mpira wa maji, ule ule wa mafundi ujenzi: mpira mwangavu wa mita 20, maji yenye tone la wino, na fito mbili zenye rula. Fito zisimamishwe juu ya sakafu ya asili ya mtaro, mita 15 kati yake, na kama kuna mchanga chimbeni kwanza. Kila mmoja asome kimo cha maji kwenye mpira. Juu ikisomeka sentimita 82 na chini 91, sakafu imeshuka sentimita 9 kwa mita 15, yaani milimita 6 kwa kila mita. Chini ya milimita 3 kwa mita, mchanga wa Mtwara utatulia humo hata mkizoa kila wiki. Kosa kubwa la kipimo hiki ni kiputo cha hewa ndani ya mpira. Ukiona kimo kinacheza bila kutulia, shusha ncha moja, mwaga maji kidogo, jaza upya.

Alama za maji majumbani zinataka subira. Usiulize mwaka. Uliza ilikuwa kabla au baada ya korosho, mwezi wa Ramadhani au baada yake. Au taja mvua za kimbunga Hidaya za Mei 2024, kama zilifika hapo. Wala usipokee jibu la "magotini", kwa sababu goti la mama wa nyumba si goti la kijana wake wa miaka 20. Mwombe akuoneshe ukutani. Kwenye kuta za chokaa mstari upo bado, mwembamba, rangi ya chai ya rangi, na juu yake ukuta ni mweupe. Pima kutoka kwenye kizingiti cha mlango hadi kwenye mstari huo.

Ramani ya mwisho chora kwa programu ya QGIS, na mitaro yenyewe iingizwe OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, ili mwingine asianze upya. Tahadhari moja: michoro mingi ya zamani ya upimaji imetumia mfumo wa kutaja mahali uitwao Arc 1960, na simu hutumia WGS 84. Ukiipachika moja juu ya nyingine bila kubadilisha mfumo, mitaro itakaa takriban mita 300 nje ya mahali pake. Ndani ya QGIS kila mfumo una namba yake ya EPSG: kwa Mtwara tumia EPSG:32737 kwa data ya simu na EPSG:21037 kwa ramani ya Arc 1960 iliyo kwenye gridi ya UTM.

Rula kwanza, kihisi baadaye

Chagua karavati moja, lile la mwisho kabla maji hayajatoka mtaani. Piga rula ukutani mwake kwa rangi ya mafuta, nyeupe na nyeusi, kila sentimita 5, sifuri ikiwa kwenye sakafu ya asili na siyo juu ya mchanga. Watu wawili wanaoishi karibu wapige picha ya rula kila maji yakipanda na kuituma kwenye kundi la WhatsApp. Hata kihisi kikifa Januari, rula hii itakuwa bado inasema kweli.

(Neno "sensa" kwa maana ya kihisi liepukeni mkutanini. Watu watadhani mmekuja kuwahesabu.)

Kihisi cha sauti hutuma sauti chini na kupima umbali hadi kwenye maji kwa mwangwi wake. Aina ya JSN-SR04T inafaa kwa sababu uso wake hauingizi maji. Mbali nacho mnahitaji bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo ya kukiendesha), modemu ya SIM800L yenye laini ya simu, betri mbili za kuchaji za 18650 zilizounganishwa sambamba, chaja ya TP4056, paneli ya jua ya volti 6 na wati 5, na kisanduku cha plastiki chenye mpira wa kuzuia maji. Fundi aliyepitia chuo cha ufundi cha VETA ataviunganisha kwa siku moja, akijua mitego mitatu.

Wa kwanza: kihisi kikitumia volti 5 hurudisha ishara ya volti 5, na ESP32 inavumilia 3.3. Weka rezista ya kilo-omu 1 kutoka kwenye waya wa ishara na ya kilo-omu 2 kwenda ardhini, bodi isome katikati yake. Wa pili: SIM800L inapotafuta mtandao hunyonya hadi ampea 2 kwa kufumba na kufumbua, volti huanguka na bodi inajizima na kuwaka upya usiku kucha. Kapasita ya mikrofaradi 1000 karibu kabisa na modemu, pamoja na waya mnene, humaliza tatizo hilo. Wa tatu: sauti hutawanyika kama mwanga wa tochi. Kwenye umbali wa mita 1 inafunika upana wa karibu sentimita 80, kwa hiyo kwenye mtaro wa sentimita 60 itasoma ukuta na kukuambia ni maji. Kifungwe juu ya karavati pana, katikati, kikitazama chini wima.

Kihisi hakioni kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 25. Kikae angalau sentimita 50 juu ya kimo cha juu ambacho maji yamewahi kufika. Kila kipimo kiwe cha mara 7 na uchukue namba ya katikati, maana nyigu mmoja akipita mbele huharibu wastani. Kipime kila dakika 15. Maji yakipanda zaidi ya sentimita 5, kila dakika 2. Joto nalo lina neno: kasi ya sauti ni mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20 na karibu 349 kwenye nyuzi 30, tofauti inayotosha kupoteza sentimita 3 au 4 kwenye umbali wa mita 2. Ongeza kipimajoto na ukisahihishe ndani ya programu.

Kinachoangusha wengi, hata hivyo, ni mchanga, kwa sababu kihisi hakitofautishi mchanga na maji. Mtaro ukijaa sentimita 20 za mchanga, kwenye grafu utaona "maji" ya sentimita 20 wiki nzima ya jua kali. Kila Jumamosi mtu achome fimbo hadi sakafu, aandike kina cha mchanga na asome rula. Kihisi na rula vikitofautiana kwa zaidi ya sentimita 3, safisha uso wa kihisi na ukague kama nguzo imeinama. Upepo wa bahari hula viungo vya shaba, basi paka grisi kwenye kila kiungo na ubadilishe vifuko vya kunyonya unyevu kila mwezi.

Mvua ipimwe papo hapo kwa chombo cha kuta zilizonyooka, kisomwe kila siku saa 3 asubuhi, muda ule ule wa vituo vya TMA, mamlaka ya hali ya hewa, ili namba zenu zilinganishwe na za uwanja wa ndege. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Usiku wa mvua kubwa soma pia kila dakika 15, la sivyo hutajua ilinyesha kwa nguvu kiasi gani.

Hesabu anayoitaka mhandisi

Chukua eneo linalomwaga maji kwenye karavati, mathalani hekta 3. Zidisha kwa milimita za mvua kwa saa, kwa sehemu ya mvua isiyozama ardhini, na kwa 2.78, namba inayogeuza jibu kuwa lita kwa sekunde. Mabati na ardhi iliyoshindiliwa yape 0.6, penye viwanja wazi vya mchanga shusha hadi 0.4 au chini zaidi. Mvua ya milimita 50 kwa saa inatoa 2.78 × 0.6 × 50 × 3, yaani lita 250 kwa sekunde.

Mtaro wa upana wa sentimita 60 na kina cha 50 una mita 0.3 za mraba. Kasi ipime kwa chungwa: lirushe, hesabu sekunde za kupita mita 10, kisha zidisha kasi kwa 0.85 kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Sekunde 8.5 ni mita 1 kwa sekunde baada ya sahihisho. Mtaro huo ukiwa safi unapitisha lita 300 kwa sekunde, unatosha. Ukiwa na sentimita 25 za mchanga unapitisha 150 au pungufu, na lita 100 kila sekunde zinapanda barabarani. Hapo jibu ni kuzibua. Kama hesabu ingetoka 250 na mtaro safi ungepitisha 180, jepe lisingesaidia kitu, ni kujenga upya.

Matokeo yatoke kwenye karatasi moja ya A3 yenye rangi tatu: pa kuzibua, pa kukarabati, pa kujenga. Nakala moja ibandikwe ofisi ya mtaa, nyingine iende TARURA na kwa diwani mapema, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza Julai 1 na mapendekezo huandaliwa miezi mingi kabla. Majina, namba za simu na picha za ndani ya nyumba zisiwekwe hadharani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu na ninyi. Nenosiri la mfumo, laini ya kihisi na kihisi cha akiba vibaki kwa watu wawili wanaoishi mtaani, na iandikwe kwenye muhtasari wa mkutano nani ananunua bando kila mwezi.