Kurudi chomboni baada ya kuogelea: andaa kipandio kabla hujatoka Moshi

Wengi wetu wa Moshi na Arusha bahari tunaikuta Tanga, wakati wa likizo. Juzi nilikuwa namsaidia mpwa wangu kufungasha kwa safari hiyo. Yeye na wenzake wameazimwa mashua ndogo ya tanga. Kuogelea anajua vizuri. Alichokuwa hajakiwaza ni kurudi ndani mikono ikiwa imechoka, ukingo uko juu ya kichwa na hakuna pa kukanyaga.

1. Shusha tanga, tia nanga. Kama kuna injini, izimwe. Mtu mmoja anayekijua chombo abaki ndani, bila mjadala. Upepo hukisukuma chombo chepesi haraka kuliko unavyoweza kukifukuzia.

2. Tupa kamba nyuma. Mita 15 zinatosha, iwe ya plastiki ya aina inayoelea, na mwishoni funga dumu tupu la lita 5.

3. Kipandio. Hapa ndipo watu wanapokwama, kwa hiyo soma taratibu.

Usitumie kamba nyembamba, inakata unyayo. Mimi napenda mkanda mpana wa kufungia mizigo ya lori. Mjini Moshi unapatikana kwa urahisi. Ncha zote mbili zifunge kwenye ile mbao ya kukalia inayotoka ubavu hadi ubavu, kisha kitanzi kining'inie nyuma, pembeni mwa usukani. Usikifunge kwenye usukani wenyewe, wala kwenye vipete vilivyoshikiliwa na skrubu mbili. Ubavuni pia hapana: chombo kidogo kitakulalia.

Tatizo ni kwamba ukikanyaga kitanzi, mguu unakimbilia chini ya chombo, mgongo unalala majini, na uzito wote unabaki mikononi. Ukizidi kusukuma, mguu unazidi kwenda. Dawa yake ni mambo matatu kwa pamoja. Kwanza, kitanzi kiwe kifupi, kama sentimita 30 chini ya maji, mpaka ulazimike kukunja goti. Kikiwa kirefu utasimama na kifua bado kiko chini ya ukingo. Pili, pitisha kipande cha mpira wa kumwagilia bustani pale pa kukanyagia, ili kitanzi kibaki wazi na mguu ukione bila macho. Tatu, na hili ndilo wanaloliacha, funga kamba nyingine kwenye mlingoti, ilale sakafuni hadi nyuma, yenye mafundo ya kushika. Ukiivuta hiyo, mwili unakwenda mbele badala ya kuning'inia.

4. Panda. Bana kifua kwenye chombo, mguu mmoja kitanzini, mwingine upige maji, vuta fundo, ingia kwa tumbo. Jaketi la kuokolea likazwe. Lililolegea hunasa ukingoni.

5. Jaribu kabla ya kuogelea. Bwawa la hoteli litakudanganya, kwa sababu ukuta wake unashuka wima na kuuzuia mguu, wakati tumbo la chombo linarudi ndani. Kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu msijaribie kabisa, kuna mamba. Fanyeni palepale Tanga, nanga ikishashika, mahali ambapo miguu haigusi chini, kila mmoja kwa zamu. Atakayeshindwa kupanda akiwa bado na nguvu zake, siku hiyo aogelee ufukweni.