Somo: Namna ya Kumpendekezea Riwaya ya Katuni Msomaji Asiyeizoea

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba katuni ni ya kuchekesha gazetini au ya kuwatuliza watoto. Kwa hiyo mtu mzima akipewa riwaya nzima iliyochorwa, husoma maneno ya kwenye viputo tu (yale maduara yenye maneno ya wahusika), akaimaliza upesi na kuirudisha akisema haina uzito. Aliyempa ndiye hakumwandaa.

Hatua ya kwanza. Muulize anapenda hadithi za namna gani. Apendaye visa vya familia na mapenzi mimi humpa Aya de Yopougon, iliyoandikwa na Marguerite Abouet, mzaliwa wa Abidjan, na kuchorwa na Mfaransa Clément Oubrerie. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 2005, na mwaka uliofuata ikatuzwa katika tamasha la katuni la Angoulême, Ufaransa. Tuko Kodivaa, mwaka 1978: Aya, mwenye miaka 19, anataka kuwa daktari, ilhali rafiki zake Adjoua na Bintou wanawaza dansi na wavulana. Humo hamna vita wala njaa. Mna majirani, umbeya na wazazi wenye mipango yao, mambo ambayo mtu wa Temeke au Likoni atayatambua mara moja.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo kubwa. Keti naye kwa kurasa tano za mwanzo. Mwonyeshe kwamba fremu, yaani visanduku vya picha, husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, na kwamba kiputo cha juu hutangulia cha chini. Mwombe autazame uso wa msemaji kabla ya kusoma maneno yake, kwa kuwa mara nyingi mdomo husema hili na macho yakakiri lile. Kisha mwonyeshe upenyo ulio kati ya fremu mbili: hapo ndipo muda unapopita, na msomaji mwenyewe ndiye anayekamilisha lililotokea.

Hatua ya tatu. Mwachie kitabu, wala usimhimize.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, je, inamfaa mtoto wa darasa la sita?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Mna mapenzi ya siri na mimba, asubiri sekondari.

Swali: Kitabu kiko kwa Kifaransa na Kiingereza, na mama yangu hasomi lugha hizo. Nifanyeje?
Jibu: Msomee kwa kumtafsiria, ukimwonyesha kwa kidole anayesema. Anzeni hata na kurasa za mwisho za juzuu ya kwanza, zenye maelezo ya kupika mchuzi wa karanga. Akishazungumzia mapishi yake, mrudishe kwenye ukurasa wa kwanza.