Somo: Kuiandaa Timu ya Mtaa kwa Mchezo wa Ligi Dhidi ya Timu Iliyokuzidi

Somo hili linamhusu kocha wa timu ya ridhaa ambaye ametazama ratiba ya ligi ya wilaya na kukuta kwamba Jumamosi anacheza na vinara wa msimamo, timu yenye wachezaji wawili watatu waliowahi kucheza madaraja ya juu, huku winga wake wa kulia akiendesha bodaboda stendi ya Moshi hadi saa saba mchana na beki wake wa kati akiwa fundi gereji ambaye hatoki kazini kabla gari la mteja halijawaka. Nimefundisha timu ya namna hiyo hapa Moshi kwa misimu kadhaa, na nimefikia kuamini kwamba timu dhaifu hufungwa mabao mengi pale inapokubali uwanja uwe mpana. Uwanja ukiwa mpana, mwenye mbio na pumzi ndiye anayeamua mchezo. Ukibanwa, hata mwenye kitambi anapata kazi ya kufanya. Hatua zote zinazofuata zinatokana na imani hiyo.

Hatua ya kwanza: nenda ukawatazame mwenyewe

Usimtume kijana, kwa sababu atarudi na habari kwamba jamaa ni wakali, na hilo ulikuwa unalijua tangu ulipotazama msimamo. Nenda na daftari, ukae nyuma ya goli badala ya kukaa pembeni pamoja na mashabiki, kwa kuwa ukiwa nyuma ya goli unaona nafasi zilizopo kati ya mabeki. Andika ni nani anayepokea mpira wa kwanza kutoka kwa mabeki wao, winga wao hatari anatumia mguu gani, beki wao wa pembeni anakuwa wapi wanaposhambulia, na kipa wao hutoka au hubaki mstarini mpira wa kona unapopigwa. Hayo manne yanatosha.

Hatua ya pili: chagua mambo mawili, mengine yaache

Piga hesabu kwa uaminifu. Mazoezi yanaanza saa kumi na moja jioni na saa kumi na mbili na nusu giza limeshaingia. Ukifanya hivyo mara mbili kwa wiki, una saa tatu tu, na katika wachezaji kumi na wanane watafika kumi na mmoja, tena si wale wale. Kocha anayetaka kutumia saa hizo tatu kufundisha kukaba kwa juu, kubadilishana nafasi na pasi za haraka kama alivyoona kwenye runinga anajidanganya. Mimi hufundisha wachezaji kukaa karibu karibu wao kwa wao, kisha mipira ya kutenga, yaani kona, adhabu na ya kurusha, basi.

Hatua ya tatu: kuufinya uwanja

Hapa ndipo penye kazi kubwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nunua kamba ya manila, mita 25 hivi. Wapange mabeki wanne katika mstari, kila mmoja aishike kamba kwa mkono mmoja, na kati ya mtu na mtu pawe na mita saba au nane. Kisha weka wachezaji wanne mbele yao wapigiane pasi taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kushambulia. Mpira ukienda kushoto, mabeki wote wanne wanasogea kushoto, na kamba isilegee wala isivutike hadi kumwangusha mtu. Mara ya kwanza tulipofanya zoezi hili, beki wetu wa kulia alibaki amesimama akitazama mpira ulioko upande wa pili, kamba ikamvuta akaenda chini kama mbuzi anayepelekwa mnadani, na wenzake wakacheka mpaka wakakaa. Alipoinuka, alisema kwamba alikuwa anasubiri mpira uje kwake. Huo ndio ugonjwa wenyewe: mchezaji wa mtaani huamini kwamba kazi yake inaanza mpira unapomfikia. Baada ya dakika ishirini waachishe kamba, warudie zoezi lile lile mikono mitupu, na uwakumbushe kwa neno moja tu, "kamba", kila wanapoachana. Siku ya mchezo utalitumia neno hilo hilo, na wapinzani hawatajua unasema nini.

Ongeza viungo wanne mbele ya mabeki, umbali wa mita kumi hadi kumi na mbili, kisha washambuliaji wawili mbele yao kwa umbali huo huo, ili kutoka kwa beki wa mwisho hadi mshambuliaji wa mwisho pasizidi mita thelathini. Sheria inaruhusu uwanja wenye urefu wa kati ya mita 90 na 120 na upana wa kati ya mita 45 na 90, kwa hiyo upime wa kwenu kwa hatua kabla ya mazoezi. Wetu ni mwembamba, na sijawahi kuulalamikia.

Jambo linalosahaulika ni kwamba mstari wa mabeki haupaswi kuganda ndani ya boksi. Mpira ukirudishwa nyuma na wapinzani, mabeki wanapanda hatua tano au sita kwa pamoja. Mpinzani akiinua kichwa akiwa na mpira na hakuna anayemsumbua, mabeki wanaanza kurudi kabla hajapiga. Kama huna muda wa kufundisha mengine yote ya kukaba, fundisha hilo la kutazama kichwa cha mwenye mpira.

Hatua ya nne: mipira ya kutenga

Timu iliyozidiwa haitapata nafasi kumi. Itapata kona tatu, mipira ya adhabu minne na mipira mingi ya kurusha, na ni lazima ijue la kufanya na kila mmoja. Ugiriki ilitwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2004 kwa kuwafunga Ufaransa, Jamhuri ya Cheki na Ureno bao moja moja katika robo fainali, nusu fainali na fainali, na mabao yote matatu yalikuwa ya vichwa, mawili kati yake yakitokana na kona. Sisi tulifanya mazoezi ya kona moja tu kwa wiki tatu: mpigaji anainua mkono, watu watatu wanakimbilia mlingoti wa karibu ili wawavute mabeki, na fundi gereji wetu, ambaye ni mrefu kuliko wote, anachelewa kwa makusudi kisha anaingia peke yake kwenye mlingoti wa mbali.

Mipira ya kurusha ndiyo hazina isiyotumika. Mchezaji anayepokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye kurushwa hahesabiwi kuwa ameotea, na vivyo hivyo kwa kona na kwa mpira wa goli, lakini utaona washambuliaji wetu wakirudi kwa adabu kabisa kusimama mbele ya mabeki. Mwambie mmoja wao asimame nyuma ya beki wa mwisho, na mrushaji arushe mbali. Mabeki watamlalamikia mwamuzi kwanza, na watakapomaliza kulalamika mpira utakuwa umeshavuka.

Kwa upande wa kujilinda, kumbukeni Taifa Stars na Zambia mjini San Pedro, Januari 2024, katika fainali za Mataifa ya Afrika. Tulikuwa tunaongoza kwa bao la Simon Msuva la dakika ya 11, wapinzani wakabaki kumi kabla ya mapumziko, na bado Patson Daka akasawazisha kwa kichwa dakika ya 88 kutokana na kona. Kwa hiyo kila mchezaji apewe mtu wake au eneo lake la kona tangu Alhamisi, tena aandikiwe, na anayeingia akitokea benchi aambiwe anarithi nafasi ya nani kwenye kona kabla hajavua traki.

Hatua ya tano: siku yenyewe

Leseni za wachezaji zikae kwa mtu mmoja asiyecheza. Chakula kiliwe muda wa saa tatu kabla ya mchezo kuanza, ugali au ndizi kwa kiasi, na nyama choma isubiri jioni. Kuhusu mbege ya Ijumaa usiku sitasema kitu, ila wahusika wanajijua.

Nahodha anaposhinda sarafu anaweza kuchagua goli la kushambulia au kuanza na mpira. Mwambie achague goli, na aangalie jua. Mchezo ukianza saa kumi jioni, kipindi cha pili jua linakuwa chini upande wa magharibi, na uwanja ukiwa umelala mashariki na magharibi, kipa anayetazama magharibi ataona mipira ya juu kama kivuli tu. Hapa Moshi mlima ukiwa mkono wako wa kulia, basi unatazama magharibi. Kipa wetu na alivumilie jua kipindi cha kwanza lingali juu, ili wao walipate likiwa usoni.

Hatua ya sita: robo saa mbili

Robo saa ya kwanza, asiwepo mtu wa kupiga chenga katika nusu yetu. Mpira uende mbele na pembeni, hata kwa kubutua, mpaka miguu itulie. Robo saa ya mwisho, kipa asijidanganye kwamba atakaa na mpira mkononi kuvuta muda, kwa kuwa tangu msimu wa 2025/26 sheria inampa sekunde nane, na akizidisha wapinzani wanapewa kona. Kwa timu iliyozidiwa urefu, kona ya bure ni balaa.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Himo:* Mwalimu, wachezaji wangu wanasema huku ni kupaki basi, na mashabiki wanatuzomea. Niwajibu nini?

Mashabiki usiwajibu. Wachezaji waonyeshe ile mita thelathini: mkinyang'anya mpira katikati ya uwanja, washambuliaji wenu wako karibu na mna watu wanne wa kwenda mbele mara moja. Basi lililopaki lina watu kumi ndani ya boksi na mmoja mbele analia njaa. Kama timu yako haivuki nusu ya uwanja kabisa, wana haki ya kulalamika, na kosa ni la mabeki wasiopanda.

*Mwanachama wa Ngarenaro, Arusha:* Tunashuka kuja Moshi wiki ijayo. Je, hali ya hewa ina athari yoyote, au ni visingizio vya wanaofungwa?

Arusha iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Moshi iko chini yake kwa mita 500 hivi. Pumzi haitawasumbua mkishuka, bali joto. Kwa timu iliyozoea ubaridi wa Arusha, jua la Moshi la saa kumi humaliza miguu kufikia dakika ya sitini. Safari ni ya kilomita 80 hivi, lakini kwenye makazi ya Usa River na Boma Ng'ombe gari halikimbii, hivyo ondokeni asubuhi, mfike mapema, mkae kivulini, na maji mnywe kidogo kidogo tangu njiani.

*Mwanachama wa Pasua:* Shikamoo mwalimu. Tumefanya yote hayo msimu uliopita, tukafungwa bao dakika ya nne. Timu ikavurugika, tukala matano. Hapo hatua ni ipi?

Marahaba. Yaliwahi kutukuta, na yetu yalikuwa sita. Nilikosea kwa kuwapandisha wote mara moja tukasawazishe, wakati bado kulikuwa na dakika themanini na sita. Siku hizi tuna makubaliano: tukifungwa, nahodha anauchukua mpira wavuni na kuutembeza hadi katikati bila kukimbia, wenzake wanarudi kwenye nafasi zao, na kwa dakika kumi zinazofuata mpango haubadiliki hata kidogo. Kufungwa bao moja na kinara kunarekebishika hadi dakika ya tisini. Jambo moja niulize: bao hilo la dakika ya nne lilitokana na nini?

*Mwanachama wa Pasua:* Mpira wa adhabu, nje kidogo ya boksi. Ukuta uliruka, mpira ukapita chini.

Basi mlaze mtu mmoja nyuma ya ukuta, na wengine waambiwe wasiruke ovyo. Pia, ukuta ukiwa na watu watatu au zaidi, wachezaji wa timu inayopiga wanatakiwa kukaa angalau mita moja kutoka kwenye ukuta. Wakiingia kuwasukuma, nahodha amwonyeshe mwamuzi kwa upole.

*Mwanachama wa Sanawari, Arusha:* Kuna mchezaji wa timu kubwa yuko likizo mtaani kwetu. Viongozi wanataka tumchezeshe kwa leseni ya mwingine. Ushauri?

Usikubali. Mamluki akigundulika mnapoteza pointi hata mlizozipata kwa jasho, na yule kijana mwenye leseni, ambaye amekuja mazoezini mwezi mzima, hatarudi tena. Mwombe huyo mgeni aje Jumatano awafundishe mabeki wako jinsi washambuliaji wa ngazi yake wanavyojificha mgongoni kwa beki. Hilo halihitaji leseni.

*Mwanachama wa Kiboriloni:* Mimi ni katibu wa timu. Mara mbili tumefika uwanjani tukiwa tisa. Tucheze au tuombe kuahirisha?

Sheria inaruhusu mchezo kuanza mkiwa saba au zaidi, kwa hiyo mwamuzi hana sababu ya kuwasubiri, na mkigoma kucheza mtaadhibiwa kwa kanuni za ligi yenu. Chezeni na mabeki wanne, viungo watatu na mmoja mbele, mkiwa mmebanana zaidi ya kawaida. Waandikeni waliochelewa kwenye fomu ya mchezo mapema, ili wakifika mwamuzi awaruhusu kuingia. Na Ijumaa jioni, dada au kaka katibu, mpigie simu kila mchezaji mmoja mmoja badala ya kutuma ujumbe kwenye kundi. Kwenye kundi kila mtu anaweka alama ya dole, hata aliyeko Same kwenye harusi.