Somo: Ejenti wa kupanga na ejenti wa kutenda

Swali hili larudi kila wiki: kazi igawanywe vipi kati ya ejenti wa kupanga na ejenti wa kutenda? Basi jibu likae hapa. Ejenti ni programu inayotumia modeli ya lugha (AI) na zana kufanya kazi kwa hatua. Mfano ni kazi ya mawakala wa forodha wa Kilindini: kulinganisha hati ya shehena, ankara na orodha ya vifurushi.

1. Mpangaji mpe modeli yenye nguvu. Watendaji, ndogo za bei nafuu zatosha.

2. Mpangaji asiwe na zana ya kuandika wala kutuma. Asome, apange, basi.

3. Mpango utoke kwa JSON (maandishi yaliyopangwa ili programu iyasome), kila hatua na namba yake.

4. Kukabidhi hatua. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mtendaji haoni aliyoyawaza mpangaji. Aona hatua yake tu. Ukimwandikia "linganisha uzito", atajichagulia. Orodha ya vifurushi huwa na uzito wa jumla, pamoja na vifungashio, na uzito wa bidhaa peke yake. Hati ya shehena kwa kawaida hubeba ule wa jumla. Akishika usio wake, ataripoti tofauti isiyokuwapo, na mpangaji atapanga upya juu ya uongo. Kwa hiyo kila hatua itaje faili na sehemu ya kusoma, umbo la jibu, kipimo cha kujua imekamilika, na wakati wa kusimama. ONYO: usimmwagie mtendaji historia yote ukidhani wamsaidia. Tokeni (vipande vya maneno vinavyosomwa na modeli) zitapanda, naye ataanza kufanya hatua za wenzake.

5. Majibu ni matatu: imekamilika, imeshindikana, imekwama. Iliyoshindikana irudiwe mara 2, kisha ihesabiwe imekwama. Iliyokwama irudi kwa mpangaji. Akipanga upya mara 3, aitwe mtu.

MASWALI

Likoni_Dev: Yangu yazunguka tu, haimalizi. Msaada!
— Soma namba 5 hapo juu. Umeweka kikomo cha kurudia?
Likoni_Dev: La.
— Weka.

Bint Kisauni: Shikamoo mwalimu. Nani ahakiki kazi ya mtendaji, ejenti wa tatu?
— Marahaba mwanangu, umeuliza la maana. Msimbo (code) wa kawaida ukitosha, usiweke ejenti. Namba ya kontena ni herufi 4 na tarakimu 7, na tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia. Mistari michache ya Python yamaliza. Ejenti mhakiki muachie yanayotaka kufahamu maneno, kama maelezo ya bidhaa kwenye ankara na kwenye hati. Mpe jibu na faili, usimpe hoja za mtendaji, maana akizisoma huelekea kukubaliana naye.

Tudor254: Hii kitu yako mbovu. Mteja amepata SMS mbili.
— Ulirudia hatua ya kutuma bila kinga. Kila ujumbe uwe na kitambulisho, na zana yenyewe ikatae ilichokwisha kukiona. Modeli hatunzi hesabu hiyo.

Bint Kisauni: Na watendaji wawili kwa wakati mmoja?
— Yafaa, mradi mpango utaje hatua ipi yasubiri ipi. Kila mmoja aandike faili lake, hatua ya mwisho iunganishe. Wakiandika faili moja, wa pili humfutia wa kwanza, wala hutaona kosa lolote kwenye kumbukumbu za programu (log).