Kurudisha mng'ao wa rangi ya gari katika upepo wa bahari wa Mtwara

Mafundi wengi hukimbilia kompaundi, yaani polishi kali ya kukwangua rangi iliyofifia, lakini mimi nashauri uanze na ndoo mbili za maji, kwa sababu kazi kubwa ya kuokoa rangi hufanyika kabla mashine ya polishi haijawashwa. Magari mengi ya siku hizi yana tabaka la juu linaloonyesha, ambalo mafundi huliita kliya, na unene wake kwa kawaida ni kati ya maikroni 35 na 50, yaani jembamba kuliko unywele. Kila unapopiga polishi unapunguza tabaka hilo, na kilichopunguzwa hakirudi.

Gari linalolala Shangani au Mikindani hupokea chumvi ya bahari usiku kucha, na lile linalopanda Newala wakati wa kupulizia mikorosho hurudi na vumbi jekundu pamoja na unga wa njano wa salfa. Kupitisha kitambaa kikavu juu ya vumbi hilo ni sawa na kupiga msasa. Nilifanya hivyo kwenye boneti ya gari langu jeusi, asubuhi moja nikiwahi Lindi, na jua lilipopanda niliona mikwaruzo myembamba ya mviringo kila mahali mkono wangu ulipopita.

Kwa hiyo egesha kivulini, subiri bodi ipoe, kisha mwagia maji mengi kuanzia paa hadi uvunguni kabla ya kugusa chochote. Ndoo ya kwanza iwe na shampoo ya magari, wala si sabuni ya unga, na ya pili iwe na maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila unapomaliza sehemu moja. Kausha mara moja kwa taulo la maikrofaiba, hasa kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi.

Baada ya hapo vaa mfuko laini wa mkate mkononi na upapase bodi taratibu. Ukihisi vipele, tumia udongo maalumu wa kusafishia rangi, uliolowanishwa kwa maji ya shampoo. Udongo huo ukidondoka mchangani, uutupe bila huruma.

Polishi ijaribiwe kwanza kwenye eneo la sentimita 50 kwa 50, ukianza na ile laini kabisa, huku kingo za bodi zikiwa zimebandikwa tepu ya karatasi kwa kuwa hapo rangi ni nyembamba zaidi. Pedi ya kupigia polishi ikishika rangi ya gari, ujue huna kliya na upunguze mkono. Mkwaruzo unaonasa ukucha, na kliya iliyokwisha kubanduka, ni kazi ya fundi wa rangi, si ya polishi.

Malizia kwa nta, tabaka jembamba tu, kwani nta nyingi huongeza kazi ya kufuta bila kuongeza ulinzi. Maji yakiacha kujikusanya kuwa matone na kuanza kutandaa juu ya boneti, wakati wa kupaka tena umefika.

Msimu wa korosho usiegeshe chini ya mkorosho, kwa maana maji ya bibo lililodondoka hukauka na kung'ang'ania rangi. Likishadondoka, funika doa kwa kitambaa kilicholowa, subiri dakika tano, kisha kiinue bila kusugua.