Ukialikwa mkutano wa vijana na Wachina, WeChat iwe tayari kabla

Viongozi wa wanafunzi hii nawapa bure maana naona wengi wanaikosa. Ukialikwa kwenye kongamano la vijana na Wachina, iwe pale UDSM Taasisi ya Confucius wanapofundisha Kichina au hotelini mjini, fungua akaunti ya WeChat, ile app ya kuchati ya Wachina, siku kadhaa kabla, usisubiri ukumbini. Akaunti mpya mara nyingi inataka mtu mwenye akaunti ya siku nyingi akuthibitishie kwa kuskani, sasa mgeni kashatoa simu yake anakungoja na wewe ndo kwanza unahangaika na bando.

Kadi ukipewa ipokee kwa mikono miwili, isome, usiitumbukize mfukoni palepale, si ndo tunavyowapokelea wazee wetu. Na jina la ukoo linatangulia, Wang Yi ni Bwana Wang.

Halafu nenda na hoja jamani, skolashipu kila mtu anauliza. Isome TAZARA vizuri, reli yetu na Zambia iliyojengwa kwa msaada wa China, imejengwa 1970 mpaka 1975, kilomita 1,860 toka Dar hadi Kapiri Mposhi, na Gongo la Mboto kuna makaburi ya Wachina waliofariki wakiwa kazini huku. Ukiligusa hilo kwa heshima mtu anavuta kiti mnaongea. Au uliza FOCAC, jukwaa la ushirikiano wa China na Afrika, inafanyika kila miaka 3 tangu 2000, kijana wa chuo anaingilia wapi?

Jioni ileile mtumie meseji fupi, jina lako, chuo chako na mliongea nini. Ukikaa wiki keshakusahau.